Muulize Baba Yako Nyimbo Alizofundisha

*Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 25. Nilizaliwa na kulelewa milimani Taita, na sasa nafanya kazi katika duka la simu barabara ya Luthuli, Nairobi. Baba ana miaka 69. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kwa miaka mingi ndiye aliyefunza kwaya ya shule. Pia ni mzee wa kanisa. Kwetu taarifa ya habari ikianza watoto tulinyamaza, na baba hajasema hata siku moja anampigia nani kura.*

*Juni 2024 nilikuwa barabarani na wenzangu kupinga Mswada wa Fedha, mkononi bendera na chupa ya maji. Picha yangu ikazunguka kwenye simu za watu hadi ikafika kijijini. Mama alinipigia akilia. Baba hakusema kitu, na hajasema mpaka leo. Nikienda nyumbani ananiuliza habari za kazi, lakini habari za siasa zikianza kwenye runinga anaizima na kutoka nje. Baba mdogo alisema mbele ya watu harusini kwamba mwalimu alifunza watoto wa wenzake akamsahau wake.*

*Jambo la pili huenda ukaliona dogo. Kuna mwanamuziki niliyempenda tangu kidato cha kwanza. Mwaka uliofuata maandamano alipanda jukwaani kumtumbuiza mwanasiasa. Rafiki ninayeishi naye akanitaka nizifute nyimbo zake zote. Nilizifuta, usiku nikazirudisha.*

*Nina daftari ninaloandika kila kinachonijia: siasa, Lupita Nyong'o, tamthilia za Kikorea, kwa nini mama alinifunza kubana magoti nikikaa na kaka yangu hakufunzwa lolote. Rafiki yangu alilisoma akaniambia sijui ninakosimama, kwamba mwanaharakati gani anaandika ukurasa mmoja juu ya waliouawa na wa pili juu ya nywele za mwigizaji. Neno hilo limenikaa kifuani. Shangazi, nimwombe baba radhi? Na je, mimi ni mtu asiye na msimamo?*

*Binti Mwalimu, Nairobi.*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma yote, pamoja na zile kurasa mbili ulizonakili kutoka daftarini, ambazo sizichapishi kwa kuwa hukunipa ruhusa hiyo. Nimezipenda. Nitayajibu maswali yako kwa mpangilio wangu, maana naona barua yote inamzunguka mtu mmoja, naye ni baba yako.

Usimwombe radhi kwa kwenda barabarani. Radhi huombwa kwa kosa, na kosa hapo mimi silioni. Kifungu cha 37 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwapelekea wenye mamlaka malalamiko yake, mradi awe na amani na asibebe silaha. Mswada ule ulipoletwa mara ya kwanza ulitaka hata mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Wabunge 195 waliupitisha tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu imehesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano yaliyoanza mwezi ule. Wewe ulikuwepo, uliona, na ulirudi ukiwa hai. Sioni neno la kutubu hapo.

Ila mama yako anakudai. Hakulia kwa sababu uliandamana. Alilia kwa sababu alikuona kwenye simu ya jirani kabla hajasikia sauti yako. Ukienda mahali panapoweza kulia risasi, mtu mmoja nyumbani ajue umetoka saa ngapi, uko na nani na utapiga simu saa ngapi. Hilo mwombe mama msamaha, naye atakupa hata kabla hujamaliza kuomba.

Baba mdogo mwache na harusi yake.

Sasa baba. Unasema hajasema kitu, na wewe umekichukua kimya chake ukakisoma kuwa ni aibu juu yako. Mimi nakisoma kwa namna nyingine, na nitakueleza kwa nini. Mtu wa miaka 69 leo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati Rais Moi alipoingia madarakani mwaka 1978. Ikiwa alianza ualimu miaka hiyo, basi alikuwa amesimama mbele ya ubao siku za jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, pale redio ya Sauti ya Kenya ilipotekwa na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa na wanajeshi kutangaza kwamba serikali imeangushwa. Miaka iliyofuata redio ileile ilianza kila taarifa na alikokwenda Mtukufu Rais na alichosema huko. Mwaka 1986 wahadhiri, wanafunzi na watu wengine wa kawaida walianza kuchukuliwa usiku kwa tuhuma za kuwa katika Mwakenya, kundi la siri la upinzani, na kupelekwa vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House, vingine vikiwa vimejazwa maji. Waliotoka huko ndio waliotusimulia, wengi wao baada ya mwaka 2002. Kabla ya hapo, habari zilipita mdomo kwa sikio, na mwalimu wa kijijini alijua tu kwamba fulani aliyesoma naye hayupo tena.

Halafu ukaja mlolongo wa 1988. Ninyi mliozaliwa miaka mingi baadaye hamkuuona. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, hapakuwa na karatasi wala sanduku. Wapiga kura walijipanga kwa foleni nyuma ya wakala aliyebeba picha ya mgombea. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya watu waliojipanga alipita moja kwa moja, bila hata kura ya siri baadaye. Foleni ikishahesabiwa watu waliambiwa waende nyumbani, na foleni ikivunjika hakuna kitu kilichobaki cha kuhesabu tena. Sehemu nyingi wananchi walimwona mwenye foleni fupi akitangazwa mshindi mchana peupe.

Mfikirie baba yako hapo, mwanangu. Ana miaka thelathini na kidogo, ni mtumishi anayelipwa na serikali, anaweza kuhamishwa kesho. Uwanja ni uwanja wa shule yake mwenyewe. Chifu yuko pale, mwenyekiti wa tawi la KANU yuko pale na daftari, wazazi wa wanafunzi wake wako pale, na yeye lazima achague mgongo wa kusimama nyuma yake huku wote wanamtazama. Kusimama pabaya ni hatari, na kubaki nyumbani nako kunaonekana. Unashangaa mtu huyo hajawahi kuwaambia watoto wake anampigia nani? Siri ya kura ambayo wewe umeizoea tangu ulipopata kitambulisho, yeye alinyang'anywa, na ilipomrudia mwaka 1992 akaikumbatia hata mbele ya mkewe. Anapozima runinga na kutoka nje, naamini hakuzimi wewe. Anayemwona pale kwenye skrini ni binti yake akiwa amesimama kwenye foleni mbele ya watu wote, na picha imepigwa.

Sijui yaliyo moyoni mwake, naye ndiye atakayekuambia. Lakini najua kizazi chake, maana ndicho kilichonifundisha mimi.

Na kuna jambo katika barua yako umelipita haraka ambalo mimi ningelisimamia: baba yako alifunza kwaya. Rafiki yako anakuambia siasa na muziki havikai daftari moja. Mwulize huyo rafiki kama anajua kazi ya mwalimu wa kwaya katika Kenya ya miaka ya themanini. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu 1927, na shule zetu zilikuwa zikishindana kutoka ngazi ya tarafa hadi taifa, kwa nyimbo za kienyeji, za kanisa na zile za kutungwa. Zile za kutungwa ndizo zilizokuwa na kazi. Mwalimu alikaa na gitaa au uma wa sauti akatunga wimbo juu ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, juu ya upendo, amani na umoja, juu ya hekima ya Rais. Kwaya zilizoshinda zilikwenda kuimba mbele yake. Mwaka 1988, mwaka uleule wa mlolongo, serikali iliunda tume ya kudumu ya muziki chini ya ofisi ya Rais. Huko kwenu Taita mnamjua Boniface Mganga, aliyeongoza Muungano National Choir hadi sauti zao zikasikika Ulaya, na ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Voi. Kwaya na Bunge katika maisha ya mtu mmoja.

Mimi nilikuwa upande wa wanafunzi. Tulipangwa kando ya barabara kuu tangu asubuhi, sare zimepigwa pasi, bendera za karatasi mkononi, tukisubiri msafara. Mwalimu wetu wa muziki alipita mstarini akirekebisha sauti ya tatu, ambayo kila mara ilizama. Alikuwa mtu mpole, mwenye kola iliyokwisha kuchakaa shingoni, na alitaka wimbo ule uwe mzuri. Niliuamini, nikauimba kwa moyo wote. Shuleni tulikunywa maziwa ya Nyayo kutoka kwenye vile vipakiti vya pembetatu, tukatamka kiapo cha utiifu kila asubuhi ya gwaride, na mpaka leo nikisikia kwaya ya watoto ikipanda pamoja kwenye kibwagizo mwili wangu unasisimka. Nyimbo zile zilitumika vibaya. Utamu wake nao ulikuwa wa kweli. Ilinichukua miaka mingi kukubali kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli juu ya wimbo mmoja, na ndiyo sababu nakuelewa ulipofuta nyimbo za msanii wako mchana ukazirudisha usiku.

Basi tuingie kwa msanii huyo.

Wanasiasa wetu hawajawahi kushinda bila wimbo. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa *Unbwogable*, wimbo wa vijana wawili waliokuwa wakijipa moyo katika maisha magumu, muungano wa NARC ukauchukua, na kufikia siku Mwai Kibaki alipoapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba nchi nzima ilikuwa inauimba. Katika uchaguzi wa 2022 upande mmoja ulikuwa na *Sipangwingwi* ya Exray na wenzake, upande wa pili ukawa na *Leo ni Leo* ya Emmanuel Musindi. Sisemi haya kumtetea msanii wako. Nasema ili ujue kwamba mlango alioingilia ulikuwa wazi kabla hajazaliwa, na nje ya mlango huo kuna njaa. Msanii wa Kenya hali kwa nyimbo kupigwa redioni, maana malipo ya hakimiliki ni madogo na ya kuchelewa. Anakula kwa jukwaa, na hakuna jukwaa linalolipa papo hapo kama la mwanasiasa.

Hata hivyo nina neno juu yake, na nalisema kwa uzito. Msanii ambaye mashabiki wake walipigwa risasi, kisha mwaka unaofuata akapanda jukwaa la wenye nguvu bila kuwatajia mashabiki hao hata salamu ya pole, anawadai maelezo. Kuimba kwa malipo ni kazi. Kunyamaza juu ya marehemu waliokujua kwa jina na kununua tiketi zako ni jambo jingine, na wewe una haki ya kuumia. Usinunue tiketi yake tena ikiwa moyo umekataa. Mwandikie ukitaka, kwa adabu, umwambie ulikuwa wapi tarehe 25. Lakini zile nyimbo alizokuimbia ukiwa kidato cha kwanza, bwenini, usiku wa kwanza mbali na mama yako, zilishakuwa zako. Hana uwezo wa kuziuza tena, na rafiki yako hana mamlaka ya kuzifuta.

Tena huyo rafiki hakuwa na haki ya kufungua daftari lako. Mwambie hivyo, kisha mwendelee kupika pamoja.

Sasa kuhusu daftari lenyewe, kwa sababu hapo ndipo alipokujeruhi. Alikucheka kwa kuandika juu ya nywele za Lupita Nyong'o kwenye ukurasa unaofuata ule wa waliouawa. Wewe na yeye mnajua Lupita alizaliwa wapi? Alizaliwa Mexico City, mwaka 1983. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa anafundisha huko kwa sababu Kenya ya wakati ule haikuwa mahali salama kwa msomi mwenye mawazo kama yake. Kwa hiyo huyu unayemwona kwenye zulia jekundu, aliyechukua tuzo ya Oscar mwaka 2014, pasipoti yake inaanza na siasa za Kenya. Na nywele? Mwaka 2017 jarida moja la Uingereza lilimweka kwenye jalada, wakahariri picha na kuondoa sehemu ya nywele zake ili kichwa kionekane laini. Alilalamika hadharani. Miaka miwili baadaye akaandika *Sulwe*, kitabu cha watoto juu ya msichana mweusi anayetamani kuwa mweupe. Wewe nawe, kama wasichana wengi wa shule zetu, ulinyolewa nywele zikabaki sentimita moja, ukaambiwa ndiyo nidhamu. Ni nani aliamua hivyo, lini, kwa wasichana gani? Ukiliandika swali hilo kwenye ukurasa unaofuata ule wa waliouawa hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Nitakuonyesha jingine. Wenzako barabarani walimwita Rais Zakayo. Jina hilo mlilitoa wapi? Mlilitoa Sunday school, kwenye hadithi ya mtoza ushuru mfupi aliyepanda mkuyu katika Injili ya Luka, mliyofundishwa na wazee wa kanisa kama baba yako, mkiigiza kupanda na kushuka. Malezi ndiyo yaliyowapa neno la maandamano. Baadaye mkamwita Kasongo, na hilo mlilichukua kwenye wimbo wa Orchestra Super Mazembe, wanamuziki kutoka Zaire waliofanya Nairobi kuwa kwao katika miaka ya sabini. Ndani yake mke anamsihi mumewe arudi nyumbani. Wimbo ulilala miongo kadhaa, ninyi mkaufufua kwenye TikTok. Mwanangu, huo ni wimbo wa ujana wa baba yako. Yeye na wenzake chuo cha ualimu waliucheza siku za Jumamosi kwa viatu vya kisigino kirefu, nakuhakikishia. Nanyi mkacheza wimbo wa *Anguka Nayo* katikati ya Kenyatta Avenue huku vitoa machozi vikianguka. Aliyesema siasa na starehe ni vitu viwili vya kutenganishwa hakuwepo.

Wala si ninyi mlioanza. Kule kwa Wagiriama wa Pwani mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alikusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya misiba, akawahutubia, wakakataa kupeleka vijana wao kufanya kazi ya Waingereza. Wakoloni walimkamata na kumpeleka mbali, akatoroka akarudi kwa miguu.

Magoti. Nimeacha hili nije nalo taratibu kwa sababu ndiyo sentensi bora uliyoandika, ile ya mama kukufunza kubana magoti na kaka yako kutofunzwa lolote. Huenda unajiuliza kama ukihoji malezi hayo unamtukana mama. Nikupe kisa cha watu waliolelewa hivyo hivyo. Tarehe 28 Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wakongwe kutoka vijijini, wenye vitambaa kichwani na rozari au Biblia mkobani, walimpelekea Mwanasheria Mkuu ombi la kuachiliwa kwa wana wao. Kisha wakaketi kona moja ya Uhuru Park wakasema hawatakula wala hawatatoka mpaka wana wao watoke. Monica Wangu, mama yake Koigi wa Wamwere, alikuwa miongoni mwao, na Profesa Wangari Maathai alikaa nao. Waliimba nyimbo za dini usiku na mchana. Tarehe 3 Machi polisi walikuja kwa marungu na vitoa machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Na wale kina mama, ambao maisha yao yote walifundishwa kwamba mwili wa mama haupaswi kuonekana na mwanawe, walivua nguo zao mbele ya askari wenye umri wa wajukuu wao. Askari waligeuza nyuso.

Baada ya hapo walihamia All Saints Cathedral, kanisa la Kianglikana, wakaishi katika chumba cha chini karibu mwaka mzima. Kufikia mapema 1993 wengi wa wana wao walikuwa huru. Baba yako kama mzee wa kanisa huenda anakijua kisa hiki vizuri kuliko mimi.

Kina mama wale hawakuyatupa malezi yao. Waliyajua kwa undani kiasi cha kujua ni wapi yana nguvu, na siku ilipobidi waliigeuza ile nguvu imwelekee aliyestahili. Wewe yahoji magoti. Mwulize mama aliambiwa nini na mama yake, na aliogopa nini alipokuwa anakuambia wewe. Nina hakika atakupa jibu lenye watu na mahali. Kisha mwambie, ukiwa umekaa karibu naye jikoni, kwamba na kaka yako angefundishwa kujiheshimu na kuheshimu. Hilo si tusi. Kaka yako ndiye aliyepunjwa.

Sasa kwenye hatari, na hapa nakuomba unisikilize kama ungekuwa wa tumbo langu. Tume ileile ya haki za binadamu ilirekodi visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba 2024. Baadhi walichukuliwa kwa sababu ya picha au maneno waliyoweka mtandaoni. Andika, usiache. Lakini daftarini usitaje wenzako kwa majina kamili, wala nyumba mlikolala, wala nani alichangisha pesa. Usipeleke kitu mtandaoni usiku ukiwa na hasira. Kiache mpaka asubuhi. Weka namba ya wakili mmoja kwa kichwa, si kwenye simu peke yake, kwa sababu simu huchukuliwa kwanza. Nakuambia haya nikijua kwamba nchi iliyoandika Kifungu cha 37 isingepaswa kunilazimisha kuyasema kwa binti wa miaka 25.

Kuhusu msimamo. Mtu asiye na msimamo ni yule anayebadili neno kwa kufuata aliye mbele yake. Wewe umeandika jambo moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: nani ana haki ya kuniamulia nikae vipi, nisikilize nini, ninyoe nini, nilipe nini, ninyamaze lini. Unalitazama kutoka kwenye baraza la nyumbani, kutoka kwenye jukwaa la muziki na kutoka barabarani. Mimi nauona huo ni msimamo, tena wa mtu anayefikiri. Endelea kuandika hivyo hivyo, na ukurasa wa tamthilia za Kikorea usiuondoe.

Ushauri wangu wa kufanya ni huu. Ukienda nyumbani usianze na maandamano. Usimwambie baba "tuzungumze", maana walimu wa umri wake wakisikia hivyo wanakaa kama wako mbele ya mkaguzi. Jioni, chakula kikisha, mpigie *Kasongo* kwenye simu yako. Mwache ausikilize hadi mwisho, ni mrefu. Akianza kukuambia waliucheza wapi, mwulize nyimbo alizofundisha kwaya. Mwombe akuimbie mmoja, na kama mama anajua sauti ya pili aingie. Mwulize aliutunga lini, nani aliuagiza, waliuimba mbele ya nani, na watoto wale wako wapi leo. Usimhukumu jibu likija. Akikuambia aliusifu utawala kwa sababu aliogopa, mshukuru kwa kukuambia. Akikuambia aliusifu kwa sababu aliuamini, mshukuru vilevile, kwa kuwa nawe umewahi kumwamini mtu aliyepanda jukwaani. Halafu, akishamaliza yake, naye atakuwa na swali. Mjibu lote, kuanzia saa uliyotoka Rongai au popote unapokaa, hadi uliporudi.

Huenda isiwe safari ya kwanza. Huenda akazima simu akatoka nje. Jaribu tena sikukuu inayofuata.

Na sasa nawageukia wazee wenzake, maana najua gazeti hili linasomwa na walimu wastaafu wengi. Watoto wenu wamesoma Katiba, wanajua vifungu kwa namba, lakini hawajui ninyi mlipita wapi mpaka ikaandikwa. Wanadhani mlikubali tu. Vitabu vya historia vitawapa tarehe, havitawapa jinsi ilivyokuwa kusimama uwanjani pale na chifu anakutazama. Mwalimu, kama una binti aliyerudi kutoka barabarani Juni ile na hujamwambia neno, mwite leo. Mwambie mwaka 1988 ulisimama foleni ya nani, na kwa nini.